Kioo cheusi: historia fupi ya kadi ya grafiki, kutoka IBM hadi Silanga

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, tuzungumzie chuma.

Swali ambalo mafundi wa kompyuta huulizwa kila wiki ni hili: "Nimenunua kadi mpya ya grafiki, nimeichomeka, nimewasha. Feni zinazunguka, taa inawaka, lakini kioo ni cheusi tititi. Kadi imekufa?"

Jibu fupi: mara nyingi haijafa. Jibu refu ni historia ya zaidi ya miaka 40, na ndiyo nitakayoisimulia leo, kwa sababu naamini mtu akiijua historia hii hatapoteza pesa zake bure.

Kwa nini nianzie Silanga? Silanga ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, upande wa Bwawa la Nairobi, lile lililojengwa mwaka 1953 na ambalo zamani watu walikuwa wakiendeshea mashua za matanga kabla magugu maji na taka hazijalifunika. Kompyuta ya mezani inayofika kijiji kama hiki kwa kawaida haijatoka dukani ikiwa nzima ndani ya boksi lake. Kasha lilitoka ofisi fulani Ulaya au Marekani na ni la mwaka 2011. Monita ni ya 2006. Kadi ya grafiki ni ya 2016. Waya zimetoka mahali pengine kabisa. Halafu vyote hivyo vinawashwa kwa stima ambayo nayo ina historia yake. Kioo kikiwa cheusi, mara nyingi hakuna kilichokufa. Ni vitu vya miaka tofauti vimekutana, na havielewani lugha.

Na hapa si mchezo. Mwenye kununua kadi mara nyingi ni kijana anayehariri video za harusi na za wasanii wa mtaani, au mwenye kibanda cha gemu anayelipwa kwa dakika. Pesa zimetoka kwenye chama, au ni akiba ya miezi. Risiti imeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Fundi akitamka "imekufa", kadi nzima inauzwa kama skrapu na kazi inasimama. Neno hilo moja ni hukumu, na mara nyingi hutolewa bila kesi kusikilizwa.

Haya, twende tusikilize kesi.

1981: kadi mbili, tundu la aina moja

IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981. Picha haikutoka kwenye ubao mama. Ulitakiwa kununua kadi, na kadi zilikuwa mbili. Ya kwanza, MDA, ilitoa maandishi tu ya rangi moja, herufi 80 kwa mistari 25. Ya pili, CGA, ilitoa rangi na michoro. Zote mbili zilikuwa na tundu la pini 9 linalofanana kwa macho, ila mpigo wa ishara ulikuwa tofauti: MDA kama kilohezi 18, CGA kama kilohezi 15.7. Ukichomeka monita ya rangi moja kwenye CGA, ungeweza hata kuiharibu.

Tena ubao mama ulikuwa na swichi ndogo ndogo za kuiambia mashine ni kadi gani iliyomo. Ukizipanga vibaya, kioo kilikaa kimya. IBM iliweka pia spika, na mashine ikifeli kwenye picha ilikuwa inalia: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Mlio huo ulirithiwa na watengenezaji wengi waliofuata. Ndiyo maana nasema spika ndogo ya kasha ni kifaa cha thamani. Kioo hakisemi, lakini spika inasema.

Somo la 1981: waya kuingia kwenye tundu si ushahidi kwamba pande mbili zinaelewana.

1987: VGA, mzee aliyekataa kufa

Mwezi Aprili 1987 IBM ilileta VGA pamoja na kompyuta za PS/2. Kumbukumbu ya kilobaiti 256, picha ya nukta 640 kwa 480 kwa rangi 16, na tundu la pini 15 ambalo baadaye lilipakwa rangi ya buluu. Ishara yake ni ya analogi, yaani nguvu ya umeme inayopanda na kushuka kwa kila rangi.

VGA ilidumu kuliko IBM wenyewe walivyodumu kwenye biashara ya kompyuta binafsi, maana hiyo waliiuza kwa Lenovo mwaka 2005. Monita nzito za kioo zilizojaa kwenye saiba za Nairobi miaka ya 2000 zilikuwa za VGA. Za bapa zilizofuata, nyingi zilikuwa za VGA pia. Kaa ukikumbuka hilo, tutalirudia.

Katika miaka hiyohiyo kompyuta zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kwa njia tofauti. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uagizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ilichukua miaka mingi amri hiyo kulegezwa. Kenya haikuwa na marufuku ya namna hiyo, ila bei ilikuwa marufuku tosha kwa mwananchi wa kawaida. Mlango mpana ulifunguka kompyuta za mitumba zilipoanza kuja kwa wingi. Mwaka 2002 shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kazi ya kupeleka mashine zilizotumika mashuleni, na wafanyabiashara wakajaza maduka ya katikati ya jiji. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ikapata kasi, na mwaka huohuo mradi wa Map Kibera ukawafundisha vijana wa vijiji vya Kibera kuchora ramani ya mtaa wao kidijitali. Hapo kompyuta ikawa kitu cha kazi kwa watu wengi zaidi hapa mtaani.

1992 hadi 2004: habari ya reli

Msomaji wa Silanga haihitaji kwenda mbali kuelewa sloti. Reli inapita katikati ya Kibera. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, upana wake ni mita moja. Mwaka 2017 ikafunguliwa SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, upana milimita 1,435. Zote mbili ni reli, zote mbili ni za chuma, lakini behewa la moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Mzigo lazima ushushwe upakiwe upya.

Kadi za grafiki zimebadilisha reli mara kadhaa. Zilianza na ISA mwaka 1981. PCI ikaja 1992. Intel ikaleta AGP mwaka 1996 kwa sababu michoro ya pande tatu ilihitaji njia yake peke yake. AGP ya kwanza ilitumia volti 3.3, iliyofuata 1.5, na mipasuko kwenye kadi iliwekwa mahali tofauti ili mtu asichanganye. Kisha mwaka 2004 bidhaa za PCI Express zikaanza kuuzwa, na AGP ikaanza kufifia.

PCI Express imekuwa na heshima: kadi ya leo inaingia kwenye sloti ya zamani na kwa kawaida hushuka mwendo ili zikubaliane. Hilo ni zuri, lakini limewafanya watu waamini kwamba ikiingia, itafanya kazi. Rudi kwenye somo la 1981.

Wati: hesabu ambayo wengi huiruka

Pawa saplai ya IBM ya 1981 ilitoa wati 63.5 kwa mashine nzima. Leo sloti moja ya PCI Express ya kadi ya grafiki inaruhusiwa kutoa wati 75. Yaani sloti peke yake inazidi kompyuta nzima ya mwanzo! Kadi ikitaka zaidi, inaongezewa waya: wa pini 6 kwa wati 75, wa pini 8 kwa wati 150. RTX 5090 iliyotoka 2025 imepimwa wati 575.

Sasa chukua kasha ambalo ni la kawaida sana kwenye mitumba, Dell OptiPlex 790 ile ya kusimama. Pawa saplai yake ni wati 265. Prosesa ya i5-2400 imepimwa wati 95. Kijana ananunua GTX 970, ambayo ni wati 145. Jumlisha: 95 na 145 ni 240. Zimebaki 25 za ubao mama, diski, RAM na feni, na pawa saplai yenyewe imeshazeeka. Hapo kioo cheusi hakina mchawi.

Isitoshe, pawa saplai za ofisi za aina hiyo hazina waya wa pini 6. Ndipo watu hununua kiungo cha kuunganisha kutoka waya wa diski ya SATA. Tundu la SATA limeundwa kubeba kama wati 54 kwenye laini ya volti 12, na kadi inaweza kuomba 75 kupitia waya huo. Plastiki inayeyuka. Tafadhali, usifanye hivyo nyumba ikiwa ya mabati na mbao, na jirani yuko ukuta mmoja na wewe.

Ndiyo maana kadi kama GTX 750 Ti ya mwaka 2014 (wati 60) na GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 (wati 75) zilipendwa sana na wenye makasha ya mitumba. Matoleo yake ya kawaida yanakula kwenye sloti tu, hayahitaji waya wa ziada.

2011: picha inahamia kwenye prosesa

Intel ilipotoa kizazi cha Sandy Bridge mwaka 2011, uwezo wa picha uliwekwa ndani ya prosesa yenyewe. Matundu ya picha ya ubao mama nyuma ya kasha sasa yakalishwa na prosesa. Ukiongeza kadi, mashine nyingi huyazima matundu hayo zenyewe na kupeleka picha kwenye kadi.

Matokeo yake: mtu anachomeka kadi sawasawa, kisha anarudisha waya wa monita mahali ulipokuwa, kwenye ubao mama. Kioo cheusi. Hicho ndicho chanzo rahisi kuliko vyote, na inaumiza kufikiria watu waliolipa fundi kwa ajili ya kuhamisha waya sentimita kumi kwenda chini.

2012: BIOS inaanza kustaafu

Tangu 1981 kompyuta iliamshwa na BIOS, na baadaye kadi zikabeba programu ndogo ya kuifuata. Mrithi wake ni UEFI, na Windows 8 ya Oktoba 2012 ndiyo iliyoisukuma kwenye kompyuta za kawaida. Kadi za miaka ya mpito zilibeba lugha zote mbili. Ubao mama ulibeba hali ya kuigiza BIOS ya zamani, inayoitwa CSM.

Mpito huo umeacha vilema vyake. Mashine ya ofisi ya 2011 inaweza kuikataa kadi ya miaka ya baadaye mpaka programu ya ubao mama isasishwe. Kinyume chake, kadi ya kale kwenye mashine mpya isiyo na CSM haitoi picha. Mwaka 2018 NVIDIA yenyewe ilitoa programu ya kusasisha kadi zake, kwa sababu baadhi zikiunganishwa na monita za DisplayPort 1.3 na 1.4 zilikaa na kioo cheusi mpaka Windows iwake. Mwaka 2025 kadi za RTX 50 zilipotoka, wanunuzi wengi walikutana na kioo cheusi na marekebisho yakaja kwa draiva. Kwa hiyo hata mwenye kadi ya bei ghali ameonja. Si ugonjwa wa mitumba pekee.

2016 na kuendelea: analogi inazikwa, matapeli wanafufuka

Nilisema tutamrudia mzee VGA. Kizazi cha GTX 10 cha mwaka 2016 kiliondoa kabisa ishara ya analogi. Kuna HDMI, DisplayPort na DVI ya kidijitali tu. Lakini monita ya Silanga ni ya VGA. Mtu ananunua waya wa bei ndogo wenye HDMI upande mmoja na VGA upande mwingine. Ikiwa waya huo hauna chipu ya kutafsiri ndani yake, hauwezi kufanya kazi hata ukiombewa, maana upande mmoja unazungumza namba na mwingine unasubiri mawimbi. Unahitaji kibadilishi chenye chipu. Kadi nyingi zimehukumiwa kifo kwa kosa la waya.

Hapo matapeli waliona nafasi. Walichukua kadi za kale kama GTS 450 na GTX 550 Ti, wakaandika upya programu yake ya ndani, wakaziuza kama 1050 Ti. Tatizo likawa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 programu ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kutambua feki. Lakini kuna alama ambayo haihitaji programu: ukiona 1050 Ti yenye tundu la VGA la buluu, jua hiyo si 1050 Ti.

Halafu kuna kadi za wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Nyingine ziliundwa kwa uchimbaji tu, kama P106-100 ya mwaka 2017, ambayo haina tundu la picha hata moja. Nyingine ni kadi za kawaida zilizoandikwa upya ili zichimbe vizuri. Septemba 2022 Ethereum iliacha uchimbaji wa aina hiyo, na soko la dunia likafurika kadi zilizochoka. Bei ikiwa tamu kupita kiasi, uliza ilikuwa inafanya kazi gani huko ilikotoka.

Stima nayo

Historia hii haikamiliki bila waya unaoingia nyumbani. Kenya inatumia volti 240. Kibera imejua kwa miaka mingi stima ya "sambaza", laini moja inayogawiwa nyumba nyingi kwa waya mwembamba na mrefu. Jioni kila mtu anapowasha, volti zinashuka. Pawa saplai hujaribu kufidia kwa kuvuta mkondo mwingi zaidi, na kadi inapoamka kwa kishindo, mashine inajizima au inakwama kabla ya picha. Ikiwa kadi inawaka saa nane usiku na kukataa saa moja jioni, usiilaumu kadi.

Tena, kwa mashine zilizotoka Marekani: angalia swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai. Ikiwa imeandikwa 115, isogeze kwenye 230 kabla hujachomeka chochote. Baada ya kuchomeka utakuwa umechelewa.

Basi tufanye nini?

Fuata historia kwa mpangilio, kuanzia rahisi. Kila mara toa plagi ukutani kabla ya kugusa ndani.

1. Waya wa monita uko kwenye kadi, si kwenye ubao mama? Monita imechaguliwa tundu sahihi? Ikiandika kwamba ishara imezidi kiwango chake, furahi, maana kadi iko hai na ni mpangilio tu.
2. Bonyeza Num Lock. Taa ya kibodi ikiwaka na kuzima, kompyuta inafanya kazi na kilichopotea ni picha tu.
3. Sikiliza spika. Milio ina maana yake kwenye kitabu cha ubao mama.
4. Toa kadi, rudisha waya kwenye ubao mama. Picha ikirudi, mashine ni nzima.
5. Rudisha kadi, isukume mpaka kibanio cha sloti kilie. Kadi nzito hulegea kasha likiwa limebebwa kwenye bodaboda.
6. Kadi ina tundu la waya wa ziada? Lazima lijazwe. Piga hesabu ya wati kama tulivyofanya.
7. Toa betri ndogo ya CR2032 kwa dakika chache ili mipangilio irudi ya mwanzo. Kisha, ukiwasha kwa picha ya ubao mama, sasisha programu ya ubao mama, lakini si saa ambayo stima inachezacheza.
8. Jaribu monita nyingine bila kibadilishi chochote katikati.
9. Mwisho kabisa, jaribu kadi kwenye mashine nyingine yenye pawa saplai ya kutosha.

Ni hatua ya 9 tu inayompa mtu haki ya kusema "imekufa". Fundi anayetamka neno hilo akiwa hatua ya 1 anakisia, na anayelipia kukisia kwake ni wewe.

Ukienda Luthuli Avenue au kwingineko kununua, beba kasha lako na waya wako, omba kadi iwashwe mbele yako ndani ya mashine yako. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Nauli ya kubebea kasha ni ndogo kuliko akiba ya miezi sita.

Haya, nawatakia kazi njema. Tuonane wakati mwingine, stima ikiruhusu.